Mteja Asiyeaga

Ofisini walimwita Mharibifu, na ungemwona mwenyewe ungecheka mpaka ushike mbavu. Mharibifu gani yule! Asubuhi akiingia huanza na mlinzi, hali ya mlinzi, mke wa mlinzi na goti lake linalomsumbua. Kisha mfagiaji, kisha dada wa mapokezi. Akifika kwenye kiti chake, chai aliyowekewa na wenzake imeshakuwa maji baridi. Mbu akimuuma, nusura amwombe radhi kwa kumkatiza. Lakini jina lilikuwa limeshamganda, na halikutoka hewani. Binti huyu alilipwa mshahara ili aharibu.

Kampuni yao ilikuwa ikitengeneza seva ya hospitali, yaani kompyuta ambayo wagonjwa wangeifikia kwa simu zao kuomba siku ya kumwona daktari. Magonjwa ya watu ni siri za watu, si mchezo. Kwa hiyo seva haikuzungumza na simu yoyote kabla ya kupeana nayo mikono: nioneshe cheti chako, nikuoneshe changu, tukubaliane lugha ya siri, ndipo tuongee ya ugonjwa. Wateja wema walikuwa hawana shida. Kazi ya Mharibifu ilikuwa kuandika programu ndogondogo zinazojifanya wateja wabaya, kuzituma mlangoni pa seva, kisha kutazama kama itawakataa bila yenyewe kuanguka.

Alikuwa na kundi zima la hao wabaya, kila mmoja na jina alilompa mwenyewe. Kulikuwa na Cheti Feki, huyo jina linamtosha. Kulikuwa na Mzee wa Zamani, aliyeng'ang'ania lugha ya siri ambayo dunia nzima imeshaiacha. Kulikuwa na Bwana Haraka, anayeingia akipayuka bila hata kupeana mikono, na Nusu Salamu, anayenyoosha mkono kisha anaghairi njiani. Wote walitumwa, wote wakakataliwa, na seva ikasimama pale pale kama haikuguswa. Skrini ya Mharibifu ilikuwa kijani kitupu, kijani cha kufaulu. Injinia aliyeijenga seva hiyo, mwanamume anayejipenda kuliko mama yake alivyompenda, alikuwa akipita nyuma ya kiti chake kila siku ili tu aone ule ukijani, aseme, "Ehe," aende zake.

Kwa hiyo shida yake haikuwa kazini. Shida yake ilikuwa mchumba.

Alitaka kumwacha. Si kwamba mchumba alikuwa mtu mbaya, la hasha. Alikuwa fundi wa lifti, msafi, mpole, hana neno na mtu. Lakini moyo wa binti haukumtaka, na moyo haupangiwi. Wazazi wa pande zote mbili walikuwa wameshaonana wakapendana. Kilichobaki ni kutaja tarehe, na tarehe ikishatajwa mbele za watu wazima, nani tena atatoka salama? Basi kila Jumamosi Mharibifu alioga, akavaa, akapiga moyo konde, akaenda kwa mchumba, alikoishi na mama yake, kwenda kuuvunja uchumba. Na kila Jumamosi alirudi kwao akiwa bado mchumba wa mtu.

Unamcheka? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Anabisha hodi, anayefungua ni mama. Mchumba hayupo, ameitwa, kuna lifti imekwama mahali. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hujambo? Za kwenu? Mama hajambo? Baba naye? Kazi je? Na kile kikohozi kiliisha?" Zote hizo zinadai majibu, na kila jibu linadai kurudishiwa swali lake. Mtu hawezi kusema "nzuri mama, simtaki mwanao" kwa pumzi moja. Anakaribishwa akae. Anawekewa chai. Na kunywa chai ya mtu kisha umtupie mwanawe usoni, hapana, hata wanyang'anyi wana mipaka.

Na huyo mama sasa! Alikuwa mshonaji mstaafu, mjane, na cherehani yake bado imekaa dirishani, imefunikwa kitambaa. Mwili wa kila mtu mkubwa wa mji ule ulikuwa umepita kwenye utepe wake wa kupimia, na hakuna aliyesalimika kwenye ulimi wake. Alijua ni mheshimiwa gani aliyeomba suruali ishonwe kiuno cha zamani ili mkewe asijue amenenepa. Alimjua bibi harusi aliyelia siku ya kujaribisha gauni, akasema ni furaha. "Furaha gani ile," mama alikuwa akisema, "mimi nimeshika pini mdomoni, ningemwambia nini?" Mharibifu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akija kukumbuka alichojia, jua limeshazama, na yuko mlangoni, na kuaga kwenyewe nako kuna urefu wake. Hapo ndipo avunje uchumba, amevaa kiatu kimoja?

"Wiki ijayo," alikuwa akijiambia njiani. "Wiki ijayo naingia na neno langu mkononi."

Sasa, siku chache kabla ya seva kufunguliwa kwa umma, Bosi akaamuru mazoezi. Wafanyakazi wote washike simu zao, kila mmoja ajifanye mgonjwa, waingie kwa pamoja. Asubuhi nzima mambo yakaenda kama maji mteremkoni. Watu walijiandikia magonjwa ya kila aina. Mhasibu alijiandikia ujauzito. Ikafika saa ya chakula, wakaondoka wote, simu mikononi bado wanazichezea, wakajazana kwenye lifti, wakashuka.

Walipopanda tena, seva haikumpokea mtu. Ukigonga, kimya. Ukigonga tena, kimya. Haikuwa imeanguka, taa zake zinawaka vizuri tu, ila kila mgeni aliambiwa nafasi zimejaa. Zimejaa nani, na ofisi nzima iko nje ya mlango?

Bosi akaja akiwa amevimba. "Hii ndiyo tunayowapelekea wagonjwa?"

"Seva yangu haina kosa," Injinia akasema, na akanyoosha kidole. "Vipimo vyote vilikuwa kijani. Muulize Mharibifu."

Mharibifu aliomba radhi kwa Bosi, akaomba radhi kwa Injinia, akawaomba radhi watu wa ofisi kwa kuwapotezea muda, kisha akakaa akaanza kuwasoma wateja wake wabaya, mmoja mmoja, mstari kwa mstari. Alisoma mpaka macho yakauma. Halafu akaliona kosa.

Walikuwa wanaaga.

Katika lugha ya mitambo hiyo kuna ujumbe mfupi wa kuagana, ambao mteja huipa seva akitaka kuondoka: mimi nimemaliza, funga. Na huko mwisho wa programu ya Cheti Feki, baada ya kughushi, baada ya kukamatwa na kufukuzwa, palikuwa na huo mstari. Kwaheri. Mzee wa Zamani: kwaheri. Bwana Haraka, aliyeingia bila salamu kama ng'ombe, naye alitoka kwa adabu zake zote. Hata Nusu Salamu, maskini, ambaye kazi yake duniani ilikuwa kukatiza, alikatiza, kisha akaaga. Hakuna aliyemwagiza kuandika hivyo. Vidole vyenyewe viliandika. Mama yake mzazi alimlea kwamba mtu akiondoka bila kuaga, basi ama ameiba ama amefiwa.

Wale wa kwenye lifti hawakuwa wameiba wala kufiwa. Mtandao ulikatika milango ya lifti ilipojifunga, wakatoweka katikati ya sentensi. Na seva, ambayo maisha yake yote haikuwahi kukutana na mtu wa kutoweka hivyo, ilibaki imenyoosha mkono inawangoja, kila mmoja na kiti chake kimehifadhiwa. Viti vikaisha.

Alipoeleza, Bosi akavuta kiti akakaa. "Kwa hiyo miezi yote hii," akasema, "umetuletea majambazi wenye adabu."

Ofisi ilicheka. Mharibifu naye alicheka, maana kutocheka kungekuwa utovu wa nidhamu, lakini moyoni alitamani ardhi ipasuke.

Akaandika mteja mpya. Akamwita Asiyeaga. Kazi yake ni kuingia vizuri, kupeana mikono vizuri, kuanza kuongea vizuri, kisha kutoweka. Programu fupi kuliko zote, na ilimchukua muda kuliko zote, kwa sababu kila akifika mwisho mkono ulitaka kuongeza mstari. Alipobonyeza kuituma alifumba macho. Alipofumbua, skrini ilikuwa nyekundu tupu. Loo! Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alikuwa ameharibu kitu, na wallahi alijisikia raha ambayo hakuitegemea.

Ilibidi Injinia arekebishe, na hakurekebisha bila kuteta. "Tumngoje kidogo. Huenda yuko kwenye lifti, atarudi."

"Akirudi aanze salamu upya," Mharibifu akasema. "Asiyesema neno, kiti apewe mwingine. Usimngoje."

Injinia aligeuka kumtazama vizuri. Hata Mharibifu mwenyewe alishtuka, akatazama kama kuna mtu mwingine amesema.

Wakaweka hivyo. Asiyeaga akatumwa kwa mamia, akatoweka kwa mamia, na seva ikawafuta wote bila kinyongo, ikaendelea na wengine. Mharibifu aliangalia jambo hilo kwa wivu kabisa. Mtu anakatika katikati ya neno, na hakuna anayelia, hakuna anayeuliza mama hajambo. Kumbe inawezekana! Kumbe dunia haianguki! Siku zote hizi alikuwa akitafuta namna ya kuaga, wakati dawa ni kutokuaga.

Jumamosi ikafika. Mchumba, kama kawaida, lifti imekwama. Mama akafungua, salamu zikaenda mzunguko wake, chai ikaja. Mama akaanza kisa cha mwalimu mkuu mmoja aliyetaka koti lishonwe na mifuko ya siri. "Nikamuuliza, mwalimu, mifuko yote hii ya nini? Akaniambia, sogeza sikio..."

Mharibifu akasimama. Akachukua mkoba wake. Akatoka.

Hakusema kitu. Hakugeuka nyuma. Alisikia mama akiita, "Mwanangu?" mara moja, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayedhani umeenda msalani. Simu ikaita, hakupokea. Ikaita tena, akaizima. Usiku huo alilala kama mtoto mchanga, na Jumapili alikaa ndani anafua huku anaimba. Amekwisha. Amekatika. Kiti kitapata mwenyewe.

Jumatatu seva ikafunguliwa kwa umma. Wagonjwa wakaingia kwa wingi, wakapotea kwa wingi, wengine kwenye lifti, wengine betri imekufa, wengine wameshtuliwa na mwenye nyumba anayedai kodi, na seva ikawapokea na kuwaachilia wote sawasawa. Bosi alinunulia watu soda. Injinia alikubali kupigwa picha. Mharibifu alikuwa amemaliza nusu chupa dada wa mapokezi alipomjia. "Una mgeni. Mama mmoja. Nenda haraka, hayuko sawa."

Alikuwa amekaa pembeni kabisa ya kiti, kana kwamba si haki yake kukikalia chote. Mama, mshonaji, mwanamke ambaye hujawahi kumwona uzi umemning'inia, alikuwa amevaa kiatu cheusi mguu mmoja na cha kahawia mguu mwingine. Alipomwona Mharibifu akisimama mlangoni, mzima, soda mkononi, alifunika uso kwa viganja viwili akashusha pumzi ndefu.

"Ahsante Mungu," akasema. "Nani amekufa?"

"Shikamoo mama. Hakuna aliyekufa."

"Mbona uliondoka vile? Wewe? Bila hata kuaga? Nikajua ni msiba, umeletewa habari kwenye simu ukachanganyikiwa. Nikapiga, hupatikani. Jana nimezunguka hospitali zote, nimeingia wodi moja baada ya nyingine natazama nyuso za watu. Unaumwa?"

"Siumwi, mama."

"Basi nimekukosea mimi. Niambie nimekukosea nini."

Aibu ilimpanda binti yule tangu kwenye nyayo. Aliichukia seva, alimchukia Injinia, alijichukia mwenyewe kuliko wote. Seva humpa kiti mtu mwingine. Huyu mama alikuwa hana mwingine wa kumpa, amebaki ameshika kiti huku anazunguka wodini. Na sasa hapakuwa na chai, hapakuwa na kisa cha kujifichia. Akaweka chupa chini.

"Mama, simtaki mwanao. Sitaolewa naye. Nilikuja kusema hivyo Jumamosi ile, na ile ya kabla yake, na zote. Nilishindwa."

Mama alimtazama. "Hayo tu?"

"Ndiyo."

"Hayo nayajua."

"Unayajua?"

"Mwanangu, nimepima watu maisha yangu yote. Mtu anayekuja kusema jambo hukaa kiti namna yake." Akajitazama miguuni, akaviona vile viatu, akavificha chini ya kiti. "Na yeye pia hakutaki. Alishaniambia. Anaogopa kukuambia, utalia. Wewe umewahi kuona mji gani ambao lifti zinakwama kila Jumamosi, saa ile ile?"

Mharibifu alitaka kucheka, akataka kulia, akashindwa achague kipi. Mwaka mzima! Mwanamume anazurura mitaani na mkoba wa spana, anamkimbia mtu anayekuja kumwacha. "Sasa mama," akasema, na hapa sauti ilipanda, jambo ambalo halijawahi kutokea mbele ya mtu mzima, "kama ulijua yangu na ukajua yake, kwa nini hukusema? Ungetuokoa sote!"

"Ningesema," mama akajibu, "ungekuja tena?"

Dada wa mapokezi alijifanya anatafuta kalamu.

Mharibifu alikuwa na majibu mazuri kwa kila swali la dunia hii. Ningekuja mama, kwa nini nisije, wewe ni mama yangu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamepangwa vizuri. Akayameza.

"Nisingekuja," akasema.

Mama akaitikia kwa kichwa, mara mbili tatu. Hakulia. Alifungua mkoba, akatoa kitambaa, akapangusa pua, akakikunja pande nne kama mtu anayekunja kazi ya mteja. "Basi ahsante kwa kusema," akasema. "Nisalimie mama. Mwambie baba apone mgongo. Kazi njema." Akasimama.

"Nikusindikize, mama. Mpaka kwenye lifti."

Lifti ikaja, wakaingia wote wawili, wakashuka. Chini, Mharibifu akasema amfikishe getini. Getini palikuwa na magari, na mtu mzima haachwi avuke peke yake na viatu visivyofanana, kwa hiyo wakavuka pamoja. Ng'ambo ya barabara mama akauliza, "Kwani ulimjua yule mwalimu mkuu ninayemsema?" Mharibifu akasema hapana. "Ni yule aliyehamishwa ghafla." Ah, yule! Basi mama akaendelea pale pale alipokatizwa, sogeza sikio, mifuko ile ilikuwa ya nini, na mkewe alipoigundua ikawaje. Bosi akapiga simu, Mharibifu akaikata akauliza, "Ehe, halafu?" Walikuwa wanatembea polepole, mama kwa sababu ya viatu, binti kwa sababu hakuwa na haraka.

Alikuja kushtuka wako mbele ya nyumba, na dirisha lile la cherehani linaonekana. Alikuwa amemsindikiza mgeni wake mpaka kwake.

Mama alitoa ufunguo, hakuutia kwenye kitasa. "Jumamosi utakuja?"

"Nitakuja kama nani, mama?"

Mama alifikiri. Lilikuwa swali la haki.

"Njoo tu," akasema. "Hilo tutaliona ukishakaa."